Jotoardhi Si Umeme Peke Yake

Naomba unipatie nafasi kidogo katika ukurasa huu wa wasomaji nitoe maoni yangu juu ya jotoardhi. Kila inapotajwa hapa nchini tunasikia habari za megawati tu. Kwa maoni yangu, kungojea megawati peke yake ni kuiacha mali ya Taifa ikae bure ardhini.

Nilipokuwa narudi nyumbani kutoka ng'ambo, ndege yangu ilipitia Iceland, nami nikakaa huko siku moja na usiku wake, peke yangu, bila mwenyeji. Siku moja haitoshi kuijua nchi. Lakini inatosha kufungua bomba la maji ya moto na kusikia harufu ya kiberiti inayotoka ardhini. Inatosha pia kuona watoto na wazee wakioga katika bwawa la wazi huku theluji ikiwaangukia vichwani, na hakuna aonaye ajabu.

Wahenga walisema maji moto hayachomi nyumba. Waiceland wameyafanya yazipashe joto. Karibu nyumba tisa katika kila kumi nchini mwao hupata joto kwa maji hayo. Maji yakishatoka majumbani, mengine hupitishwa chini ya njia za miguu ili kuyeyusha theluji. Nyanya na matango hulimwa katika nyumba za vioo zinazopashwa joto kwa njia hiyo hiyo.

Najua wapo watakaosema kwamba hao ni matajiri, tena wa nchi ya baridi. Ndugu Mhariri, hawakuanza wakiwa matajiri. Zamani akina mama wa Reykjavik walibeba nguo mgongoni mwendo wa kilometa tatu hivi kwenda kufulia kwenye chemchemi za moto, na mji wao ulifunikwa na moshi wa makaa ya mawe yaliyotoka nje kwa meli. Mwaka 1930, hata kabla nchi yao haijawa jamhuri (ilikuwa mwaka 1944), walilaza bomba kutoka kwenye chemchemi hizo. Hawakungoja mtambo mkubwa. Walianza na shule, hospitali, bwawa la kuogelea na nyumba chache. Bei ya mafuta ilipopanda ghafla mwaka 1973, ndipo walipoongeza juhudi nchi nzima.

Na kama Iceland ni mbali, Kenya ni jirani. Wote tunaisifu Olkaria iliyoanza kutoa umeme mwaka 1981. Lakini miaka mingi kabla ya hapo, wakulima wa Eburru walikuwa tayari wanakausha pareto kwa mvuke wa ardhini. Huko Naivasha mvuke umetumika pia kupasha joto mashamba ya maua.

Umeme unahitaji joto kali na visima virefu vya gharama kubwa. Kunyausha majani ya chai, kukausha mahindi, pareto na samaki, au kuoshea vyombo vya maziwa, hakuhitaji joto la namna hiyo. Huku kwetu Rungwe chemchemi za moto zipo, baridi ya Juni na Julai ipo, na chai ipo. Lakini viwanda vya chai nchini huchoma kuni kwa malundo, na katika shule za bweni watoto hunawa maji ya baridi kwa sababu kuni za jikoni hazitoshi. Miti ikikatwa ovyo, vijito tunavyovitegemea navyo huathirika.

Ombi langu kwa wahusika ni hili. Uchunguzi wa umeme uendelee, siupingi. Lakini wakati huo huo kila penye chemchemi ya moto pajengwe jambo moja dogo linaloonekana: kikaushio cha kijiji, au bomba la kwenda zahanati au shuleni. Wataalamu tunao. Tangu mwaka 1979 Iceland imekuwa ikifundisha elimu hii kwa watu wa nchi zinazoendelea, na Wakenya na Watanzania ni miongoni mwao. Watumwe vijijini pia, wasikalie makaratasi mjini.

Mwananchi akishaona mahindi yake yamekauka kwa maji ya ardhini, hatahitaji kuhubiriwa juu ya jotoardhi. Yeye mwenyewe atailinda chemchemi hiyo.



Mpita Njia,
Tukuyu, Rungwe.