Usimwambie Mama Huyu “Acha Tu”

Iko sentensi fupi ambayo tumezoea kuitamka juu ya jirani aliyenaswa na kitu: “Ataacha akitaka.” Zamani tuliisema juu ya mlevi wa pombe. Siku hizi twaisema pia juu ya mama asiyewahi hata kuonja pombe, ambaye alitoka hospitalini baada ya upasuaji akiwa na pakiti ya vidonge vya maumivu, kidonda kikapona, vidonge visiachike. Juma hili napenda kuipinga sentensi hiyo waziwazi. Naipinga kwa sababu ni ya uongo, na kwa sababu wanaolipa gharama ya uongo huo ni watoto.

Tuanze na kuitambua dawa yenyewe. Tramadoli, kodeini, pethidini na mofini ni dawa za ukoo mmoja na afyuni, ukoo uleule wa heroini. Nyingine hutokana na mmea, nyingine hutengenezwa kiwandani, lakini zote huingia katika ubongo kwa mlango mmoja: hushika mahali palepale ambapo mwili wenyewe huyatulizia maumivu yake. Zikitumika kwa siku chache, kwa kipimo cha daktari, huokoa na kufariji. Zikitumika kwa muda mrefu, mwili huzizoea. Kidonge kimoja kilichotosha jana hakitoshi leo. Na siku dawa ikikosekana, mwili hudai kwa ukali: machozi na kamasi, miayo isiyokoma, jasho, tumbo kusokota na kuharisha, mifupa kuuma, usiku kucha bila usingizi. Vijana huiita hali hiyo “arosto”. Mama wa nyumbani hana jina la kuiita. Yeye hudhani ni ugonjwa wake wa zamani umerudi, naye humeza tena.

Tazameni basi mtego ulivyo. Hakuanza kwa kutafuta anasa, alianza kwa kutii maagizo. Hamezi tena ili apate raha, anameza ili aweze kusimama, kuchota maji, kuwasha moto na kuwaandaa watoto kwenda shule. Kumwambia mtu wa namna hii “acha tu” ni sawa na kumwambia mwenye malaria aache kutetemeka.

Wapo pia wanaosema kinyume chake: “Hii ni dawa ya daktari, si dawa ya kulevya.” Huo nao ni uongo, na umekwisha kuua watu wengi. Nchini Marekani, mwaka 1996, kampuni ya Purdue Pharma ilianza kuuza vidonge vya OxyContin, na madaktari wakaambiwa kwamba wagonjwa wanaopata uraibu hawafiki mmoja katika mia. Ushahidi uliotajwa mara nyingi ulikuwa barua ya aya moja iliyochapishwa mwaka 1980 katika jarida la New England Journal of Medicine, nayo ilihusu wagonjwa waliolazwa wodini, wala si watu wanaomeza vidonge nyumbani kwa miezi. Kampuni mwenza ya Purdue ilikiri kosa la jinai mwaka 2007, na Purdue yenyewe mwaka 2020. Lakini kufikia wakati huo dawa za ukoo huu zilikuwa zimekwisha kuua mamia ya maelfu ya Wamarekani. Hapa Afrika, mwaka 2018, serikali ya Nigeria ililazimika kupiga marufuku utengenezaji na uingizaji wa dawa za kikohozi zenye kodeini. Nasi Tanzania tusijione tuko mbali. Mamlaka zetu zina jina rasmi kwa ajili ya dawa hizi: dawa tiba zenye asili ya kulevya. Muuzaji anayezitoa dirishani bila cheti cha daktari, kwa sababu tu mteja ana fedha mkononi, asijidanganye kwamba anafanya biashara ya kawaida. Anauza minyororo kwa rejareja.

Naomba hapa nisieleweke vibaya. Sipigi vita dawa ya maumivu. Mwaka 2017 tume ya jarida la kitabibu la Lancet ilionyesha kwamba kati ya tani 299 hivi za dawa za jamii ya mofini zilizosambazwa duniani kwa mwaka, nchi zenye kipato cha chini zilipata kama tani 0.1, yaani kilo mia moja tu. Maana yake ni kwamba mgonjwa wa saratani wa kwetu huweza kufa akilia, huku vidonge vya jamii hiyohiyo vikiuzwa kwa asiyevihitaji. Mama Kanisa hakuwahi kufundisha kwamba ni lazima mgonjwa ateseke. Papa Pius wa Kumi na Mbili, alipozungumza na madaktari mwezi Februari 1957, alithibitisha kwamba ni halali kutuliza maumivu kwa dawa, na Katekisimu (na. 2279) inahesabu huduma hiyo kwa wanaokaribia kufa kuwa tendo la upendo. Basi anayemhitaji daktari amwendee bila aibu, na anayehitaji mofini apewe. Ninachokipinga ni uzembe wa kutoa dawa bila kufuatilia, na ukatili wa kumlaumu aliyenaswa.

Sasa turudi kwenye “acha tu”. Ushauri huu si wa kikatili tu, ni wa hatari pia. Mwezi Aprili 2019 mamlaka inayosimamia chakula na dawa nchini Marekani ilitoa onyo kwa madaktari: mgonjwa ambaye mwili wake umezoea dawa hizi asikatishwe ghafla, kwa maana imeonekana kwamba huweza kupata mateso makali, kurudiwa na maumivu na hata kufikia hatua ya kujiua. Njia salama ni kupunguza dozi kidogo kidogo chini ya uangalizi. Kwa aliyetumia mwaka mzima au zaidi, madaktari husema hata sehemu moja ya kumi kwa mwezi yaweza kuwa mwendo wa kutosha. Mwenye mimba ndiye asiyepaswa kabisa kujaribu peke yake, kwa sababu kukatisha ghafla huweza kumhatarisha yeye na kiumbe kilicho tumboni. Anayenyonyesha naye amwambie daktari ukweli, maana tramadoli na kodeini hupita katika maziwa, na mtoto mchanga huweza kulegea, kusinzia kupita kiasi na kupumua kwa shida.

Na iko hatari nyingine ambayo wengi hawaijui. Aliyeacha kwa majuma kadhaa, kisha akarudi na kumeza kipimo chake cha zamani, anaweza kufa usiku huohuo, kwa kuwa mwili wake umesahau kukistahimili. Hivyo yule tunayemsifu Dominika hii kwa kuacha ghafla, bila daktari na bila mtu wa kumtazama, tunaweza kumzika kabla ya mwezi kwisha.

Ndugu zangu, fikirini sasa hali ya mama mwenye watoto watatu, mdogo akiwa bado mgongoni. Arosto inampata asubuhi. Nani atapika uji? Nani atampokea mtoto wa darasa la pili anaporudi? Akilala siku tatu, jirani atauliza; akieleza, jina “teja” litatangulia kufika kisimani kabla ya ndoo yake. Kisha wataanza ndugu wa mume: “Mama kama huyu hafai, watoto wachukuliwe.” Yeye amekwisha kuyasikia hayo yakisemwa juu ya mwingine. Kwa hiyo ananyamaza, anaficha pakiti chini ya godoro au ndani ya pipa la unga, mahali ambapo mkono wa mtoto unafika. Kumbukeni kwamba kidonge kimoja cha mtu mzima kinaweza kumzimisha pumzi mtoto mdogo. Maneno yetu makali, ambayo twadhani yanawalinda watoto, ndiyo yanayoisukuma sumu karibu nao.

Kuhusu kuwachukua watoto, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imetamka kwamba mtoto ana haki ya kuishi na wazazi wake, na kwamba la kutazamwa kwanza ni manufaa ya mtoto mwenyewe. Yapo mazingira ambamo mtoto yuko hatarini kweli, na hapo ofisa ustawi wa jamii na mahakama wana kazi yao. Lakini kikao cha shangazi na wajomba chini ya mwembe si mahakama, na mama aliyekubali kutibiwa si hatari ya kukimbiwa. Ni mgonjwa aliyeanza kupona.

Najua mtaniambia: “Padre, unamtetea. Watoto wamelala njaa kwa sababu fedha ya sukari imekwenda kwenye vidonge.” Ni kweli, nami sikatai kwamba wameumia. Katekisimu (na. 2291) haifichi ubaya wa kutumia dawa za kulevya nje ya matibabu. Lakini Katekisimu hiyohiyo (na. 1735) yafundisha kwamba mazoea, hofu na mambo mengine ya nafsi na ya jamii huweza kupunguza lawama ya mtu kwa tendo lake. Wajibu wa mama huyu upo, ila si ule tunaomtwisha. Hatumdai muujiza wa kuamka kesho akiwa mzima. Tunamdai ukweli: amweleze daktari anameza vingapi na tangu lini, asitafute vyeti kwa madaktari wawili, avitoe vidonge mahali watoto wanapofika. Hayo anayaweza, ikiwa tu kuusema ukweli hakutamgharimu wanawe.

Nchi yetu haikukosa kuanza. Mwezi Februari 2011, katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, yalianza matibabu ya methadoni kwa watu wenye uraibu wa heroini. Ulikuwa ni mwaka uleule lilipozaliwa Jimbo letu la Kondoa. Leo huduma hiyo ipo pia Itega, jijini Dodoma. Methadoni kwa kawaida hunywewa kila siku mbele ya mhudumu, na kutoka Kondoa hadi Dodoma ni kilomita 160 hivi. Si kila aliyenaswa na vidonge anahitaji methadoni. Wengi huweza kupunguziwa dozi na daktari aliye karibu. Lakini kwa anayeihitaji, kilomita hizo, pamoja na nauli yake na watoto wa kuachwa nyuma, ni ukuta. Anayesema “matibabu yapo, ni yeye hataki” auhesabu kwanza ukuta huo.

Sisi watu wa Kondoa tunapaswa kulielewa jambo hili kuliko wengine. Wazee wetu wanakumbuka jinsi ardhi ya hapa ilivyoliwa na makorongo. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, tuliouita HADO, ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa katika eneo lililoharibika. Hakuna aliyesimama ukingoni akalikemea korongo lijizibe. Ardhi ilipunguziwa mzigo, ikatengenezewa matuta, ikapandwa miti, ikasubiriwa kwa miaka. Wenye ng’ombe waliumia, kwa kuwa gharama ilibebwa na jamii, haikuachiwa udongo peke yake. Je, mwili wa mama umekuwa nafuu kuliko udongo?

Basi nasema kwa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo: sala ya jioni nyumbani kwa mgonjwa ni njema, lakini isipofuatwa na mikono ni kelele. Familia moja iwachukue watoto siku za kwenda kliniki. Mtu mmoja anayeaminika atunze vidonge chini ya kufuli na kumpa kwa kipimo kilichoandikwa. WAWATA, ninyi mnaojua kuchangia harusi kwa majuma mawili, changieni nauli ya miezi sita. Na yale yanayosemwa ndani ya nyumba hiyo yabaki ndani ya nyumba hiyo. Anayeyatoa nje amemrudisha mgonjwa kwenye vidonge kwa ulimi wake.

Kwako baba wa familia: watoto hao si wa mama peke yake. Mkeo akiwa katika majuma magumu ya kupunguza dozi, sufuria haitakuvunjia heshima. Wengi wenu mnalalamika kwamba mke amebadilika. Wachache mmewahi kumsindikiza kwa daktari.

Na kwako, mama unayesoma haya ukiwa umejifungia: usivitupe vidonge leo kwa hasira, wala usiongeze kimoja kwa hofu. Viweke mbali na watoto. Kesho mwendee daktari umwambie hesabu ya kweli. Kama huna wa kukusindikiza, njoo parokiani. Utasindikizwa, na hakuna atakayekuuliza kwa nini ulianza.

Sentensi yetu ya “ataacha akitaka” inatupa sisi nafasi ya kukaa bila kufanya kitu. Anataka tangu zamani. Anayesubiriwa atake ni sisi.

Nawatakia Dominika njema. Tumsifu Yesu Kristo!