Kimya changu si sahihi yangu

Kuna biashara hapa Uingereza inayoendeshwa kwa kimya cha mteja. Unakata bima ya nyumba ya mwaka mmoja, unalipa, unadhani yamekwisha. Kumbe wapi. Mwaka ukikaribia kutimia inakuja barua: bima yako itahuishwa tarehe fulani, ada mpya ni hii, huna haja ya kufanya chochote. Na kweli, usipofanya chochote fedha zinakatwa na tayari umo kwenye mkataba wa miezi 12 mingine. Ukitaka kutoka, unadaiwa ada ya kuvunja mkataba.

Hebu tuitazame hiyo "huna haja ya kufanya chochote". Inasomeka kama ukarimu. Kwetu pwani, mwari akiulizwa kama ameridhia ndoa akanyamaza, kimya chake huhesabiwa ridhaa. Lakini hata huko kuna mtu aliyekwenda kumuuliza kwanza, na mashahidi wapo. Kampuni ya bima hainiulizi. Inanitaarifu tu.

Tuseme ukweli, zamani hali ilikuwa mbaya zaidi. Mteja mwaminifu ndiye aliyekuwa akikamuliwa. Mteja mpya alivutwa kwa bei ya chini, kisha akapandishiwa kidogo kidogo kila mwaka alioendelea kunyamaza. Septemba 2018 shirika la Citizens Advice lilipeleka malalamiko rasmi kwa mamlaka ya ushindani, CMA, na bima ya nyumba ilikuwa moja ya masoko matano yaliyotajwa. FCA, chombo kinachosimamia kampuni za fedha, nacho kikachunguza bima za nyumba na magari. Ripoti yake ya 2020 ilionyesha kuwa mwaka 2018 wateja milioni 6 walikuwa wakilipa bei kubwa kupita kiasi. Kama wangelipa bei ya wastani kwa watu wa hali yao, wangeokoa pauni bilioni 1.2. Kwa mwaka mmoja!

Tangu Januari 1, 2022, kampuni hairuhusiwi kumtoza mteja anayehuisha bima ya nyumba au gari zaidi ya ile ambayo ingemtoza kama angekuwa mteja mpya. Tena inatakiwa impe njia rahisi za kuzuia bima isijihuishe yenyewe. Hapo serikali na FCA wapewe haki yao. Ila msidanganyike: sheria hiyo inalinganisha bei za kampuni moja na bei zake yenyewe. Haisemi kwamba jirani hauzi kwa nafuu.

Na kimya bado ni mtaji. Ukishtuka ndani ya siku 14 tangu bima mpya ianze, au tangu upate hati zake kama zilichelewa, unaweza kutoka. Utalipia siku ulizolindwa na pengine gharama kidogo. Zikipita, unakutana na ada iliyoandikwa kwenye masharti. Na kama umeshadai fidia mwaka huo, usitarajie kurudishiwa kitu.

Mimi ni mpangaji, hivyo bima yangu ilikuwa ya vyombo vya ndani tu. Nilipohamia nyumba ambayo mwenzangu tayari alikuwa na bima, nilipiga simu wiki tatu kabla ya tarehe, nikasema sihitaji tena. Nikaambiwa sawa. Siku ya 19 baada ya tarehe hiyo nikaona kwenye taarifa ya benki pauni 168 zimeondoka. Dada wa huduma kwa wateja akanieleza kwa upole kwamba ombi langu halikuonekana kwenye mfumo, siku 14 zimepita, hivyo watakata za siku 19 pamoja na pauni 40 za kuvunja mkataba. Mkataba upi? Niliouvunja ni ule niliokataa kuufunga! Niliandika malalamiko, nikadai rekodi ya simu ile. Fedha zilirudi zote, zikisindikizwa na maneno "kama ishara ya nia njema". Haki yangu imegeuzwa hisani yao.

Najua watakaosema: watu husahau, na nyumba inaweza kuungua siku moja baada ya bima kwisha. Ni hoja nzito. Mwenye nyumba aliyeinunua kwa mkopo anatakiwa na benki awe na bima ya jengo muda wote. Kwa hiyo sisemi bima kujihuisha kupigwe marufuku. Nasema mambo mawili.

Kwanza, anayetaka bima yake ijihuishe aseme mwenyewe mwanzoni, kwenye kisanduku ambacho hakijawekewa alama tayari. Pili, mkataba uliojihuisha wenyewe usiwe na ada ya kuuvunja, iwe siku ya 15 au ya 150. Ada ile hutetewa kwa gharama za kumwandikisha mteja. Mwaka wa pili nani ameandikishwa? Kompyuta imebadilisha tarehe, basi. Mteja alipie siku alizolindwa, wasalimiane, kila mtu ashike njia yake.

Mpaka hayo yatokee, tujilinde. Siku ile ile unayokata bima, waandikie kwamba hutaki ijihuishe, na utunze jibu lao. Wanaokwenda Bongo Desemba wiki sita waangalie tarehe kabla ya kupanda ndege, na wasome pia kipengele cha nyumba kukaa bila mtu, maana bima nyingi huweka kikomo cha siku 30 au 60. Ukizuia malipo benki, jua kwamba umezuia malipo tu. Mkataba unabaki hai na deni litakufuata. Wanaolipa kila mwezi wakumbuke kwamba mara nyingi huo ni mkopo wenye riba. Ukiminywa, lalamika kwa maandishi. Kampuni ina wiki nane za kukujibu. Usiporidhika una miezi sita ya kwenda Financial Ombudsman Service, ambako mteja halipi hata senti.

Pauni 40 kwa mkurugenzi ni chakula cha mchana. Kwa mbeba boksi ni masaa kadhaa ya usiku kwenye baridi ya ghala. Hela hiyo haipaswi kuondoka kwa sababu tu mwenyewe hakusema neno. Mkataba ukiisha, uishe. Anayetaka niendelee naye abishe hodi, aniulize, angoje jibu.