Bega Lililonyooshwa Halitaki Kulazwa

Kama hujapata kufika Majanji, ni kituo cha wavuvi katika Wilaya ya Busia nchini Uganda, pwani ya Ziwa Viktoria, si mbali na mpaka wa Kenya. Huko mkono ndio mtaji. Mkono huvuta wavu usiku. Mkono huanika mukene asubuhi, wale ambao ndugu zetu wa Kenya huwaita omena na Watanzania dagaa. Na mkono ndio uinuao beseni kulitua kichwani.

Kwa hiyo utayaelewa masikitiko ya wifi yangu, mchuuzi wa mukene, mwenye umri wa miaka 52, aliyekaa mwaka mzima na bega la kulia lisilonyanyuka. Lilianza kwa maumivu ya usiku. Kisha akashindwa kufunga sidiria kwa nyuma, akashindwa kufikia kamba ya kuanikia nguo, mwisho hata kuchana nywele ikawa kazi ya binti yake. Majirani walinena ya ulozi, kama kawaida yao. Hatimaye alipelekwa hospitali moja kubwa, akapewa nusukaputi, bega likanyooshwa naye akiwa usingizini, akapigwa sindano ndani ya kiungo, na jioni ile ile akarudishwa nyumbani.

Nilipomtembelea juma la tatu, nilistaajabu kumkuta mkono umefungwa kifuani kwa leso, fundo likiwa limekazwa na kaka yangu kwa ustadi wa mvuvi.

"Wifi, mbona umefungwa hivyo?" nilimwuliza.

"Wifi yangu, kitu kikivunjika si hufungwa? Daktari mwenyewe alisema walisikia bega likialika walipoliinua."

Maskini! Maelezo yote aliyopewa yalikuwa katika karatasi ya Kiingereza, nayo ilikuwa imekunjwa vizuri chini ya godoro. Hakuna aliyemketisha akamfafanulia kwamba sauti ile haikuwa ya mfupa.

Kiungo cha bega kimezungukwa na kifuko cha ngozi laini. Katika maradhi haya kifuko hicho huvimba, hunenepa na kusinyaa, mithili ya blauzi iliyofuliwa ikarudi ikabana kwapani. Daktari anapolinyoosha bega, kifuko kilichosinyaa hutanuliwa na pengine kuchanika, na hapo ndipo husikika mwaliko. Huo ndio ufunguzi uliokusudiwa. Lakini mwili hauna desturi ya kuacha mchaniko wazi. Huanza mara kuuziba, na mkono ukilazwa kifuani, utauziba katika ufinyu ule ule wa zamani. Leso ya kaka yangu, pamoja na mapenzi yake yote, ilikuwa ikiirudisha kazi ya daktari nyuma siku baada ya siku. Kitambaa cha kuning'inizia mkono hutumika kwa muda mfupi tu, hadi ganzi iishe, isipokuwa daktari ameagiza vinginevyo.

Jina la bega lililoganda lilitolewa mwaka 1934 na Ernest Codman, daktari wa Boston, Marekani. Maradhi haya huwapata zaidi watu wa miaka 40 hadi 60, wanawake kuliko wanaume, na wenye kisukari kuliko wote. Wifi yangu anacho kisukari. Mwaka 2020 Waingereza walitangaza matokeo ya uchunguzi wa wagonjwa 503: wengine walinyooshwa bega chini ya nusukaputi, wengine walipasuliwa kwa matundu madogo, wengine walipewa sindano na mazoezi tu. Baada ya mwaka, hakuna njia iliyozishinda nyingine kwa tofauti kubwa. Mimi nimelitazama jambo moja: makundi yote matatu yalifanyishwa mazoezi.

Basi tulilifungua lile fundo, tukarudi kwa mtaalamu wa viungo, naye akamwonyesha taratibu ambayo nimeishuhudia kwa macho yangu.

Kwanza hunywa dawa ya maumivu aliyoandikiwa, kisha huliwekea bega kitambaa cha maji ya uvuguvugu kwa dakika kumi. (Mwenye kisukari ampe mwingine ayapime maji hayo, kwani ngozi yake huenda isihisi moto.) Huinama, mkono mzima ukiegemea meza, mgonjwa ukining'inia na kuyumba kama ndoo kisimani. Zoezi hili nalo twalipata kwa Codman yule yule. Kisha hulala chali, mkono mzima ukiuinua mwenziwe kupita kichwa. Kisha huketi, kiwiko kikigusa mbavu, akausukuma mkono mgonjwa kwenda nje kwa mpini wa ufagio. Zoezi hili la mpini lisiachwe hata siku moja, maana mwendo wa kwenda nje ndio bega hili huupoteza zaidi. Mwisho vidole hupanda ukutani kama mjusi, na kila Jumapili binti yake huchora kwa mkaa mahali vilipofika.

Dakika tano au kumi zatosha, lakini mara nne au tano kwa siku. Maumivu ya kuvutwa yanayotulia baada ya muda mfupi yasimtishe mtu. Yakimkesha usiku, kesho apunguze. Alale chali au kwa upande mzima, mkono ukipakatwa juu ya mto. Kusonga ugali, kufagia na kutandaza mukene ni halali kadiri aweza. Beseni zito na jerikeni la lita 20 vingoje ruhusa ya mtaalamu. Wakandaji wenye kuvuta kwa nguvu, nawaomba radhi, wakae mbali kabisa.

Aliyepigwa sindano ya stiroidi naye ana kisukari apime sukari mara nyingi zaidi, kwani yaweza kupanda kwa siku kadhaa. Na mkono ukigoma ghafula kunyanyuka kabisa, ukivimba sana, ukifa ganzi isiyoisha, au homa ikipanda, arudi hospitali siku hiyo hiyo. Si mara nyingi, lakini hutokea mfupa ukavunjika kweli au mshipa wa nyama ukakatika.

Mwezi uliopita nilikuwa Majanji tena. Alama ya sita ya mkaa imekipita kizingiti cha juu cha mlango, na wifi yangu amerudi kwenye kichanja chake cha mukene, ingawa beseni huinuliwa na binti. Sidiria bado hufungiwa.