Wanaoisifu Sienta mpya wamekaa kiti gani?

Kwa muda wa wiki tatu sasa baraza letu la kahawa huku Mji wa Kale halizungumzi siasa wala mpira. Lazungumza gari. Na si gari la fahari la wakubwa, bali ni Sienta, ile motokaa ndogo ya viti saba ambayo kutoka Kibokoni hadi Majengo utaikuta imeegeshwa mlangoni mwa watu. Mzozo ulizuka jioni ile mwenzetu mmoja alipokuja na hii ya umbo jipya. Alishuka, akauacha mlango ujifunge wenyewe, na kabla hajatoa salamu mzee mmoja akamuuliza: "Bwana, hini gari yako yalilia nini?"

Watu walicheka mpaka kahawa ikamwagika. Lakini mzee hakukosea. Ile mistari inayoanzia kwenye taa za mbele ikateremka hadi chini kwenye bampa, kwa hakika ni kama mwanamke aliyepaka wanja kisha akapata habari ya msiba. Toyota wenyewe walieleza kwamba umbo lile walilitoa katika viatu vya kutembelea milimani. Sisi watu wa pwani milima hatuna na viatu hivyo hatuvivai, basi tuliona wanja.

Nieleze kidogo nasaba ya gari hili, kwani wengi hubishana bila ya kuijua. Sienta ya kwanza ilitoka Japani mwaka 2003, nayo ndiyo ile ya taa za duara, iliyotutumbulia macho kama mtoto aliyeona ngoma. Ya pili, hii ya wanja, ilitoka Julai 2015. Kuna na ya tatu, iliyotoka Agosti 2022, ambayo imerudi kwenye uduara na upole wa sura kana kwamba wale mafundi walisikia maneno ya mzee wetu. Hata hivyo tukisema "mpya" hapa Mombasa aghalabu twakusudia hii ya pili. Sheria yetu haikubali gari kuukuu liingie bandarini ikiwa limepita miaka minane tangu kuandikishwa mara ya kwanza, na wanunuzi wetu hungojea hadi karibu na ukomo huo, bei ishuke. Kwa hivyo walichokwisha kukichoka Wajapani ndicho sisi twakifukizia ubani.

Basi nikaanza kuwauliza wenye magari haya, mmoja mmoja, nikiwakuta msikitini, sokoni na kwa fundi. Haja yangu nilikuwa nayo, nami sitaificha: Sienta yangu ni ile ya macho ya duara, imechoka, na watoto wangu wamenikalia juu wakisema, "Baba, uza, chukua hii mpya."

Kijana mmoja wa Tudor aliye na ile ya haibridi, yaani ya petroli na umeme pamoja, alinipa sifa zote: haina kelele, haili mafuta, na ukikanyaga haivumi kama mashine ya kusaga. Hiyo haibridi kweli haikuwako katika umbo la kwanza, ilianza na hili la 2015. Nilimuuliza abiria wanasemaje. Akaniambia, "Sheikh, mimi huendesha peke yangu."

Mwalimu mmoja wa madrasa amekataa katakata kuiacha ya zamani. Hoja yake si sura. Asema injini ya ile kongwe ni ndugu ya baba na mama na ya Probox, kila fundi aijua gizani, na kipuri chake hakikosi. Hii mpya ya petroli iliwekwa injini nyingine, ya lita moja na nusu vile vile, na fundi wake bado huikaribia kama mtu anayekaribia jini. Hoja hiyo ni nzito kwa mtu mwenye mshahara wa mwalimu wa madrasa, wala siidharau, ingawa naona kila mwaka unaopita huipunguza uzito.

Aliyenifurahisha zaidi ni mama mmoja mpishi wa arusi, huko Bondeni. Yeye gari kwake ni jiko la pili. Alinifungulia mlango wa nyuma akanionyesha: viti viwili vya mwisho hukunjwa vikaingia chini ya vile vya katikati, pakabaki uwanja wa chini, sawasawa, usiohitaji kunyanyua sufuria la biriani hadi kifuani. Asema sufuria lake kubwa, masinia na magunia mawili ya mchele vyaingia na mlango wafunga. Nilipomuuliza habari ya wanja akanitazama kama mtu asiye na kazi. "Mwanangu, mimi huingilia nyuma. Uso wake siuoni."

Neno hilo la mpishi lilinikaa. Nikaona kwamba kila mtu hulisifu au kulitukana gari kutoka mahali anapokaa yeye. Anayeshika usukani husifu usukani, mpita njia hutoa hukumu ya sura. Walio nyuma hawaulizwi, na gari lenyewe liliundwa kwa ajili yao.

Tuanze na mlango, kwani hapo yako mazingatio. Mwishoni mwa mwaka 2008 Toyota walitoa gari jingine la viti saba liitwalo Passo Sette, lenye milango ya kawaida, ya kufungua kwa nje. Sienta nayo wakaisimamisha mwaka 2010. Wateja hawakuridhika. Walitaka mlango wao wa kusukuma, na mwaka 2011 Sienta ikarudishwa sokoni, na ile Sette mwaka uliofuata ikazikwa. Kampuni kubwa kama hiyo, yenye wahandisi wasiohesabika, ilirudishwa nyuma na mlango! Aliyezoea kuegesha katika Ndia Kuu, ukuta huku na ukuta kule, hahitaji kuelezwa sababu. Mlango wa nje huufungui, ukiufungua humalizi. Na hapa niwatoe hofu wenzangu wa Mji wa Kale wanaosema kwamba hii mpya imenona haitapita: si kweli. Imeongezeka urefu tu. Upana wake ni milimita 1,695 kama wa yule wa kwanza, kwani sheria ya Japani ya magari madogo inataka lisipite milimita 1,700, nao wameuchunga mpaka huo katika maumbo yote matatu.

Sasa nizungumze habari ya mamangu. Amepita miaka themanini, na magoti yake yamemhama. Kulikuwa na muda wa kiasi cha miaka miwili ambapo aliacha kwenda popote. Akialikwa maulidi husema ana mafua, kukitangazwa maziko ya jamaa Likoni hutuma salamu na sukari. Tulidhani ni uzee wa moyo. Kumbe ni aibu. Shemeji yangu ana gari refu, la kupanda kama ngazi, na siku moja mbele za watu vijana wawili walilazimika kumshika mamangu kiunoni kumpandisha, buibui likanaswa, mguu ukaonekana hadi muundini. Hakusema kitu. Alikataa tu kutoka tena.

Siku mwenzetu wa baraza alipotupa gari lake jipya twende nalo ziara, mlango ulisukumika, na mamangu akatazama chini. Sakafu ya umbo hili iko milimita 330 kutoka ardhini, kama shibiri moja na nusu, na haina kidato ndani cha kujikwaa. Akageuza mgongo, akaketi kwanza, kisha akaingiza miguu yake mmoja baada ya mwingine, akajifunika, akasema, "Haya, twendeni, mwangoja nini?" Pale nilikuwa radhi kulisamehe gari lile wanja wake na machozi yake yote. Si ajabu kwamba teksi maalumu ya Kijapani iliyotoka mwaka 2017, JPN Taxi, iliyokusudiwa pia wazee na watu wa viti vya magurudumu, ilijengwa juu ya asili ya Sienta hii hii.

Wapo watakaoniambia kwamba mlango huo wa umeme ni wa kuharibika. Mlango una reli, na reli haipatani na mchanga. Mtu aishie karibu na bahari, apakie watoto wametoka kuogelea miguu imejaa mchanga, asifagie reli mwaka mzima, kisha mlango ukigoma amlaani Mjapani? Ufagio mdogo wa kitanda watosha.

Lakini sifa zangu zinakoma katika kiti cha mwisho.

Viti saba, ndugu msomaji, ni viwili mbele, vitatu katikati na viwili nyuma. Viwili, si vitatu. Kiti kile ili kiweze kukunjwa na kuingia chini ya kile cha katikati, lazima kiwe chembamba, na kioo cha mlango wa nyuma kiko karibu na kisogo cha aliyekaa. Sisi tumefanya nini na hivyo viwili? Tumevifanya tenga la samaki. Jirani akimsifia mwenzake Sienta hamwambii ina mikanda saba, humwambia, "Yabeba hiyo!"

Mjukuu wangu ana miaka minane. Mwaka jana wazazi wa mtaa wetu walikodi gari la aina hii kuwapeleka watoto shuleni. Sitalitaja la nani, kwani dereva wake si mtu mwovu. Abiria ni sita mbali na dereva; asubuhi ile walikuwa watoto kumi na mmoja. Wanne walikaa katika hivyo viti viwili vya nyuma, na mjukuu wangu alikuwa juu ya mapaja ya mwenzake. Mkokoteni wa maji ukakatiza barabara, dereva akakanyaga breki. Gari halikugusa kitu. Hapakuwa na ajali ya kuandikwa na polisi. Mtoto alirushwa mdomo ukapiga kiti cha mbele yake, ukashonwa nyuzi nne, na meno mawili yakaenda. Hadi leo akinitajia neno lenye "s" nasikia upepo.

Nilipandwa na hasira nikaenda kwa dereva yule. Naye aliniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake: "Mzee, mwezi mlinilipa ngapi kwa mtoto mmoja?" Tulikuwa tumejadiliana naye bei mpaka tukamfikisha pale ambapo akibeba sita hapati hata ya mafuta. Tulijua. Kila asubuhi tulisimama mlangoni tukawapungia mkono, tukawaona walivyoshonana.

Na mimi nisijifanye mtakatifu. Miaka mitano nyuma, katika gari langu la macho ya duara, nilipakia watu kumi kwenda arusini Malindi, mwendo wa kilomita mia moja na ishirini. Dua ya safari niliisoma kwa sauti, wote wakaitikia amina. Mkanda hakuna aliyefunga ila mimi, kwa kuwaogopa polisi. Mola akatusitiri, nami nikadhani ni ustadi wangu wa kuendesha. Sote tulifundishwa chuoni habari ya yule bedui na ngamia wake, na wapi alipoambiwa aanzie. Tukiipata gari twaisahau.

Kwa hiyo rai yangu kwa wenye kununua ni hii. Ikiwa una mzee nyumbani, au ni mpishi, au waegesha katika vichochoro vyetu, umbo hili jipya lakushinda lile la kwanza, na wanja utauzoea. Lakini hesabu viti kabla ya kutoa pesa. Mwaka 2018 walitoa na aina ya viti vitano, isiyo na kiti cha mwisho kabisa, na zipo pia za viti sita. Mtu mmoja nimjuaye alilipa, akafika nyumbani, ndipo mkewe alipomuuliza watoto wawili wa mwisho watakaa wapi. Na ikiwa waona saba hawatoshi nyumbani kwako, basi gari hili si lako; tafuta kubwa zaidi, au mwende mara mbili.

Juma lililopita nilikwenda katika yadi moja ya magari kuitazama niliyoandaliwa na wanangu, nyeupe, ya 2018, viti saba. Muuzaji akanifungulia mlango wa dereva. Nikamwambia hapo sipahitaji, nifungulie nyuma. Akakunja kiti cha katikati, nikapenya mimi na kanzu yangu na umri wangu, nikakaa kule mwisho. Kofia iligusa dari, magoti yakanipanda kifuani. Nikautafuta mkanda, nikaupata, nikafunga.

Muuzaji alikuwa akicheka. "Mzee, hapo si pako. Hapo ni pa watoto."

"Wangapi?" nikamuuliza.

"Aa, mzee wangu, watoto tena! Hiyo ni kwa jinsi utakavyowapanga."

Nilikaa pale kitambo, mkanda umenibana, nikimtazama kupitia mlango wazi. Kisha nikamwita mwanangu aje anishike mkono nitoke.