Ramani ya mtandaoni ioneshe tarehe yake

Juni 2022, familia za kwanza zilizohama Ngorongoro zilifika Msomera, wilayani Handeni. Mahali pa namna hiyo sura ya ardhi hubadilika haraka: viwanja vinapimwa, barabara zinachongwa, nyumba zinaota palipokuwa pori. Kwa mpima ardhi, kazi imekwisha data zinapoingia kwenye mfumo. Mwananchi anayefungua ramani kwenye simu anaweza kuendelea kuona pori lilelile kwa miezi.

Mara nyingi data hazina kosa. Tatizo liko kwenye kache, yaani hifadhi ya picha zilizochorwa mapema ili ramani ifunguke upesi. Ramani ya mtandaoni hukatwa vigae, kwa kawaida vya pikseli 256 kwa 256. Dunia nzima ikitazamwa kwa mbali ni kigae kimoja, na kila hatua ya kusogea karibu huzidisha idadi mara nne. Kwenye hatua ya 10 vimezidi milioni moja. Kwenye ya 18 vimepita bilioni 68. Kuvichora upya kila mtu anapogusa kioo kungeilemea seva yoyote, kwa hiyo kache ni ya lazima. Ubaya ni kuijaza mara moja na kuisahau.

Dalili zake zinaonekana kwa macho. Barabara mpya inafika ukingoni mwa kigae na kukatika kama iliyopigwa panga, ng'ambo hakuna kitu. Mtaa unaoonekana kwa mbali unatoweka mtu akisogea karibu, kwa sababu hatua moja imechorwa upya na inayofuata bado. Mtaalamu ofisini hufungua data zenyewe, akakuta kila kitu kiko sawa, akamwambia mlalamikaji simu yake ni mbovu.

Huenda simu haina kosa. Picha za zamani zinaweza kukaa kwenye seva, kwenye mitambo ya kati inayozisambaza, au kwenye kivinjari cha mtumiaji. Ramani ifunguliwe kwa simu ambayo haijawahi kuifungua. Picha mpya ikitokea, kilichobaki ni kusafisha kivinjari cha ile ya kwanza. Ikirudi ya zamani, mtaalamu aende kwenye seva, na huko mtego mkubwa ni chaguo moja dogo. Programu kama ArcGIS na GeoServer zina agizo la kujaza vigae vinavyokosekana tu, na lingine la kuchora vyote upya. Anayetoa agizo la kwanza ataambiwa kazi imekamilika, na kweli imekamilika. Ila kigae cha zamani hakikosekani, kwa hiyo hakikuguswa.

Wala hakuna sababu ya kuchora nchi nzima. Kikibadilika kitongoji kimoja cha Korogwe, eneo hilo huwekewa mipaka na kuchorwa upya katika hatua zote za ukuzaji. OpenStreetMap, ramani huria inayojengwa na watu wa kujitolea na iliyotumiwa na mradi wa Ramani Huria jijini Dar es Salaam, huviweka kwenye foleni vigae vilivyoguswa na badiliko. Mara nyingi picha za karibu hubadilika ndani ya dakika chache. Kama kazi ya kujitolea inafika hapo, ofisi ya umma nayo inaweza.

Mvua kubwa za Oktoba 2019 ziliua watu mkoani Tanga na kuharibu barabara na madaraja, Handeni na Korogwe. Siku kama zile, ramani inayoonesha njia isiyopitika kana kwamba bado iko wazi ni hatari kwa dereva wa gari la wagonjwa. Kwenye ardhi madhara huja polepole zaidi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 imeikabidhi halmashauri ya kijiji usimamizi wa ardhi ya kijiji, na wakulima na wafugaji wakibishana kuhusu mpaka, mstari wa zamani kwenye kioo unaweza kushikwa kama ushahidi.

Mikataba ya mifumo ya ramani katika halmashauri za Handeni na Korogwe itaje wazi nani anahuisha kache, na ndani ya saa ngapi baada ya data kubadilika. Pembeni mwa ramani iandikwe tarehe ambayo picha ilichorwa. Tarehe ya kuingiza data peke yake haitoshi, kwa sababu mwananchi haoni data, anaona kigae.