Watu wa Helgoland Walipewa Hiari, Sisi Je?



Majuzi hapa Mkomaindo tulikaa chini ya mkorosho pamoja na wazee waliotoka Newala kuja kumwuguza jamaa yao hospitalini. Mazungumzo yakafika mto Ruvuma, kama yafikavyo siku zote watu wa huku wakikutana. Mzee mmoja akatuuliza: "Wanangu, ninyi mliosoma, hebu niambieni. Vile visiwa vya mtoni ni vya nani? Babu yangu alilima mpunga kisiwani, wala hakuomba ruhusa kwa mtu."

Tuliona haya. Sisi tumepita chuo cha ualimu. Tulikariri kwamba tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani zilitiana saini mkataba mjini Berlin, tukaandika hivyo katika mtihani, tukapata maksi zetu. Lakini hatukufunguliwa mkataba wenyewe tukausoma kifungu kwa kifungu. Sasa tumeusoma, na tuliyoyakuta humo ndiyo tunayoyaleta mbele yenu.

Wengi wetu tunajua kwamba katika mapatano yale Mwingereza alimpa Mjerumani kisiwa cha Helgoland, na Mjerumani akakubali Unguja na Pemba ziwe chini ya ulinzi wa Mwingereza. Helgoland ni kisiwa kidogo cha mawe katika Bahari ya Kaskazini, hakifiki hata maili moja ya mraba. Waliokaa huko wakati ule walikuwa watu kama elfu mbili, wengi wao wavuvi.

Sasa sikilizeni jinsi watu elfu mbili hao walivyoandikiwa katika kifungu cha kumi na mbili. Kwanza, mzaliwa wa kisiwa aliyetaka kubaki raia wa Uingereza alipewa hiari ya kusema hivyo mpaka tarehe 1 Januari 1892. Pili, wazaliwa wa kisiwa, na watoto wao waliozaliwa kabla ya saini, hawatalazimishwa kuingia jeshini. Tatu, sheria na desturi zao zitaachwa kama zilivyo, kadiri itakavyowezekana. Nne, ushuru wa forodha hautapandishwa mpaka mwaka 1910. Tena jambo la kukitoa kisiwa hicho lilipelekwa mbele ya Bunge la Uingereza, likajadiliwa na kupitishwa.

Hatusemi kwamba watu wa Helgoland walitendewa haki yote. Wao nao hawakupiga kura kabla ya kutolewa. Lakini angalau walikumbukwa kuwa ni watu, wenye watoto, desturi na mifuko.

Geuzeni ukurasa mje kwetu. Katika kifungu cha kumi na moja Mwingereza anaahidi kutumia nguvu zake zote ili Sultani wa Unguja amwachie Mjerumani pwani ya bara pamoja na kisiwa cha Mafia. Sultani akalipwa marki milioni nne. Je, mtu wa Mafia alipewa hiari ya uraia? Hakupewa. Je, aliahidiwa kwamba kodi haitapanda, au kwamba hatachukuliwa kwa nguvu? Hakuna neno. Mafia ilihamishwa kama gunia la kopra, kutoka ghala hili kwenda ghala lile.

Ndiyo maana hatukubali hoja ya wale wasemao ati mambo yalikuwa hivyo zamani, watu wa enzi ile hawakujua haki za wananchi. Walizijua! Wino ule ule, karatasi ile ile na siku ile ile viliandika haki za wavuvi wa Helgoland na kunyamaza juu ya wavuvi wa Mafia. Hawakukosa elimu. Walichagua nani ahesabiwe kuwa mtu.

Sasa turudi Ruvuma. Mto wetu nao umo katika mkataba huo, katika kifungu cha kwanza: mpaka ufuate Ruvuma kutoka pwani mpaka unapoingia mto Msinje, kisha uelekee magharibi mpaka Ziwa Nyasa. Tangu mwaka 1886 Wajerumani na Wareno walikwisha kuugawana mto huu. Mwaka 1894 Wajerumani wakaichukua Kionga, kusini ya mlango wa mto. Mwaka 1919, baada ya vita kuu, Kionga ikapewa Wareno. Kuhusu visiwa, Waingereza na Wareno waliandikiana barua mwaka 1936 na 1937: visiwa vilivyo chini ya makutano ya mto Domoni mpaka baharini viwe vya Mreno, na vilivyo juu ya hapo viwe vya Tanganyika. Basi, swali la mzee wetu lilijibiwa kwa barua ambazo babu yake hakuonyeshwa, na ambazo hakuna Mmakonde, Mmakua wala Myao aliyeitwa kuzitolea shauri.

Mstari ule ule wa mwaka 1890, ulipofika Ziwa Nyasa, ulifuata ufuko wa mashariki, ukawaacha wavuvi wa upande wetu na mchanga bila maji. Mwaka 1967 Serikali ya Tanzania iliiambia Malawi kwamba mpaka upite katikati ya ziwa, na Malawi ikakataa. Baadaye wazee wa Afrika waliostaafu urais, wakiongozwa na Joaquim Chissano wa Msumbiji, waliombwa kupatanisha.

Wako wasemao kwamba jambo hili lisiguswe, kwa sababu wakuu wa Afrika waliazimia Cairo mwezi wa Julai 1964 kwamba mipaka tuliyoirithi siku ya uhuru iheshimiwe. Azimio hilo ni la busara, na sisi tunalishika. Bila hilo Afrika ingeteketea kwa vita vya mipaka. Lakini kuheshimu mpaka si kukataa kukaa mezani. Kifungu cha sita cha mkataba huo kinasema wazi kwamba mistari iliyochorwa inaweza kusahihishwa kwa mapatano, kwa kufuata mahitaji ya mahali penyewe. Tena mwaka 1954 Mwingereza huyo huyo alipatana na Mreno, wakautoa mpaka ufukoni na kuuweka katikati ya ziwa upande wa Msumbiji, huku visiwa vya Likoma na Chizumulu vikibaki kwa Nyasaland. Ikiwa wakoloni wawili waliweza kuusogeza mstari kwa kalamu, ndugu wawili watashindwaje?

Hatuchochei ugomvi. Watu wa Malawi ni ndugu zetu, na wa Msumbiji ni ndugu zetu zaidi ya jirani. Mwaka 2010 ulifunguliwa Mtambaswala ule mto uliochorwa kututenga, nao ukavukwa kwa daraja linaloitwa Umoja. Tunalotaka ni hili.

Mosi, katika mazungumzo yo yote ya mpaka, wavuvi wa Mbamba Bay na Kyela, na wakulima wa bonde la Ruvuma, wasikilizwe kabla ya saini, si kuarifiwa baada yake. Pili, mapatano yenyewe yaandikwe haki zao: kuvua, kulima, kuvuka kwenda mazishini na harusini, bila kuonewa na askari wa upande wo wote. Kilichowezekana kwa Helgoland mwaka 1890 hakiwezi kuwa kigumu kwa serikali zetu wenyewe. Tatu, mikataba hii ifasiriwe kwa Kiswahili na kufundishwa shuleni, isiwe tarehe tu ya kukariri. Mali bila daftari hupotea bila habari. Na sisi tuna daftari, ila hatujalisoma.

Yule mzee tulimjibu siku ya pili yake. Tulimsomea habari za barua zile za visiwa, akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza: "Na waliokuwa wakilima huko waliandikiwa nini?"

Hatukukuta neno la kumsomea. Mkataba ujao uwe nalo.