Utafiti wa afya ukichapishwa, tuuamini kwa kipimo gani?

Mei 22, 2020, wakati dunia ikihangaika kutafuta dawa ya COVID-19, jarida la kitabibu la The Lancet la Uingereza lilichapisha utafiti ulioshtua wizara za afya katika nchi nyingi. Watafiti walisema wamechambua kumbukumbu za wagonjwa 96,032 kutoka hospitali 671 katika mabara sita, na kwamba waliopewa klorokwini au hidroksiklorokwini walikufa kwa wingi kuliko wale ambao hawakupewa.

Athari zake zilionekana upesi. Mei 25, Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitangaza kusitisha kwa muda sehemu ya jaribio lake la kimataifa iliyohusu hidroksiklorokwini. Siku mbili baadaye Ufaransa ilifuta ruhusa ya kuwapa wagonjwa wa COVID-19 dawa hiyo. Lakini Juni 4, kabla hata ya wiki mbili kutimia, utafiti wenyewe ulifutwa.

Kwetu Afrika Mashariki, ambako klorokwini ilitibu malaria kwa miaka mingi, habari hiyo haikuwa ya mbali. Nayo imetuachia swali ambalo bado lina uzito: ikiwa jarida lenye heshima kubwa na wataalamu wake waliweza kupitiwa, daktari wa wilayani, mgonjwa, au sisi tunaosoma taarifa za habari tutajuaje utafiti upi wa kuaminika?

Hesabu zilizokataa kulingana

Waliogundua kasoro hawakuwa na mitambo ya pekee. Walisoma makala yote kwa makini na kulinganisha takwimu. Waliona, kwa mfano, kwamba vifo vilivyohesabiwa Australia vilizidi vile ambavyo nchi nzima ilikuwa imeripoti hadi tarehe ya mwisho ya utafiti. Kampuni iliyotoa takwimu, Surgisphere ya Marekani, ilijibu kwamba hospitali moja ya Asia iliwekwa Australia kimakosa.

Takwimu za Afrika zilizua maswali makubwa zaidi. Katika barua ya wazi ya Mei 28, zaidi ya watafiti 100 walieleza kwamba, kama takwimu hizo ni za kweli, basi karibu robo ya wagonjwa wote wa COVID-19 barani Afrika, na asilimia 40 ya vifo vyote, walikuwa katika hospitali zilizounganishwa na mfumo wa kompyuta wa kampuni hiyo moja. Yeyote aliyewahi kupanga foleni kwenye dirisha la masjala ya hospitali, akisubiri faili lake la karatasi litafutwe, anaelewa kwa nini madai hayo yalikuwa magumu kumeza.

Wakaguzi huru walipoomba kuziona takwimu zenyewe, kampuni ilikataa ikisema mikataba yake na hospitali haiiruhusu. Watatu kati ya waandishi wanne wakaomba utafiti ufutwe. Wa nne alikuwa mkuu wa kampuni hiyo. Siku hiyo hiyo jarida la New England Journal of Medicine la Marekani nalo lilifuta utafiti mwingine uliotegemea takwimu za kampuni hiyo.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa daftari lilitajwa, lakini hakuna mtu wa nje aliyeruhusiwa kulifungua.

Mhakiki haoni kila kitu

Wengi wetu tukisikia kwamba utafiti umehakikiwa na wataalamu kabla ya kuchapishwa, tunadhani kuna mtu aliyekwenda hospitali na kukagua mafaili. Kwa kawaida sivyo. Mhakiki husoma makala aliyotumiwa, hupima kama mbinu zinafaa na kama hitimisho linatokana na matokeo, kisha hutoa ushauri. Mara nyingi hufanya kazi hiyo bila malipo. Makosa mengi hunaswa hapo. Lakini mtu akipika takwimu kwa ustadi, au akipokea takwimu ambazo yeye mwenyewe hajaziona, uhakiki wa namna hiyo unaweza kupita bila kugundua lolote.

Kwa hiyo kuchapishwa ni hatua ya mwanzo tu. Tunapaswa kuuliza pia utafiti ulifanywaje.

Bahasha zilizofungwa

Mfano wa utafiti uliojibu swali hilo vizuri tunao hapa nyumbani. Unaitwa FEAST, na ulifanyika katika hospitali sita: nne za Uganda, moja Kilifi nchini Kenya, na moja Muheza nchini Tanzania. Ulihusu watoto 3,141 waliofikishwa hospitalini wakiwa na homa kali na dalili kwamba damu haizunguki vizuri mwilini. Zaidi ya nusu yao walikuwa na malaria.

Mwongozo wa matibabu uliofuatwa sehemu nyingi duniani ulisema mtoto wa namna hiyo apewe maji mengi ya dripu kwa haraka. Ilionekana ni jambo la wazi, na madaktari wengi waliamini linaokoa maisha. Hata hivyo, kwa watoto wa mazingira haya lilikuwa halijawahi kupimwa kwa jaribio kubwa.

Watafiti waliwagawa watoto kwa bahati nasibu, kwa bahasha zilizofungwa zenye namba. Kundi la kwanza lilipewa maji ya chumvi kwa haraka, la pili maji yenye albumini, na la tatu halikupewa maji ya haraka ila lilipata matibabu mengine yote. Daktari hakuwa na nafasi ya kuchagua nani aingie kundi gani. Jambo hilo ni muhimu, kwani daktari akichagua mwenyewe, huenda akampa tiba mpya yule aliye taabani zaidi, kisha vifo vikaonekana vimeletwa na tiba.

Januari 2011 kamati huru iliyokuwa ikifuatilia usalama ilitaka uandikishaji usimamishwe. Ndani ya saa 48, watoto 7.3 katika kila 100 walikuwa wamefariki katika kundi lisilopewa maji ya haraka. Katika makundi mawili yaliyopewa, vifo vilikuwa 10.5 na 10.6 katika kila 100. Tiba iliyoaminiwa kwa miaka mingi ilikuwa ikiua.

Wapo wataalamu waliopinga. Walisema huenda sababu ni malaria, upungufu wa damu, au kukosekana kwa vyumba vya wagonjwa mahututi. Lakini watafiti walipochambua kila hospitali, na watoto wenye malaria na wasio nayo, wenye upungufu mkubwa wa damu na wasio nao, mwelekeo ulibaki ule ule. Mabishano yaliweza kufanyika kwa sababu hesabu zilikuwa wazi kwa kila mtu.

Namba na walioachwa nje

Utafiti huo unatufundisha mambo mawili zaidi. La kwanza ni namna ya kusoma namba. Matokeo yale yanaweza kuandikwa kwamba hatari ya kifo iliongezeka kwa takriban asilimia 45, au kwamba walikufa watoto watatu zaidi katika kila 100. Kauli zote mbili ni sahihi, ila ya kwanza inatisha zaidi. Tangazo la dawa likisema inapunguza hatari kwa nusu, tuulize: nusu ya ngapi? Kutoka wagonjwa 40 hadi 20 katika kila 100 ni mbali sana na kutoka wawili hadi mmoja katika kila 10,000.

La pili ni kujua nani hakuhusishwa. Watoto wenye kuharisha na wenye utapiamlo mkali hawakuingizwa katika FEAST. Mzazi atakayesoma kichwa cha habari tu anaweza kukataa mtoto wake aliyekaukiwa maji kwa kuharisha asiwekewe dripu, na kukataa huko kunaweza kumuua. Maelezo ya walioachwa nje hukaa katikati ya makala, mahali ambapo wengi hatufiki. Hospitali nyingi za kwetu hazilipii majarida hayo, na daktari huambulia muhtasari peke yake.

Ukweli uliofuata

Kisa cha hidroksiklorokwini kilikuwa na mwisho ambao wachache wanaukumbuka. Juni 5, 2020, siku moja tu baada ya utafiti ule kufutwa, watafiti wa jaribio la RECOVERY nchini Uingereza, lililogawa wagonjwa wa hospitalini kwa bahati nasibu, walitangaza kwamba dawa hiyo haikupunguza vifo vya COVID-19. Mwezi huo huo WHO, iliyokuwa imeirudisha dawa hiyo katika jaribio lake, iliiondoa moja kwa moja.

Wapo wanaosema basi utafiti wa kwanza ulikuwa sahihi. Hatukubaliani nao. Ulidai dawa inaua, na haukuweza kuonyesha wagonjwa wake. Mtu aliyekisia jibu la mtihani hawezi kutuonyesha njia, na kesho akikisia tena huenda sisi ndio tutakaolipia kosa lake.

Kwa hiyo tunaposoma au kusikia kwamba utafiti umegundua jambo, tuna maswali ya kuuliza bila kuwa madaktari. Je, kulikuwa na kundi la kulinganisha, na nani aliamua mgonjwa aingie wapi? Nani alilipia, na je, atafaidika na jibu? Nani aliachwa nje? Je, watu wengine wamerudia na kupata matokeo yale yale? Na je, takwimu zinaweza kukaguliwa? Maswali hayo yanatuhusu kwanza sisi wanahabari, ambao mwaka 2020 tulipeleka habari ya wagonjwa 96,032 katika kila pembe ya dunia kwa siku moja. Habari ya kufutwa kwake haikusambaa kwa kishindo kile kile.